Risasi Nyumbani kwa Mkamwana

Koplo aliogopa unyevu kuliko alivyoogopa wezi. Sisi wengine huku Kakamega tumezaliwa ndani ya mvua, kuta zinaota ukungu, viatu vinaota ukungu, na hatuoni ajabu. Yeye akiingia karakana yangu, hata kabla ya salamu, anaweka kiganja juu ya rundo la mbao, anakiacha hapo kidogo, halafu ananitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Fundi, hii haijakauka." Nikimwambia ni mbao za kitanda tu, si za kanisa, atanijibu kwamba anayelala kitandani naye ni mtu. Alikuwa mzee wa kuudhi, sikufichi. Lakini siku akikosa kupita nilijikuta natupia macho barabarani.

Alikuwa amestaafu polisi, na huko kazi yake ya miaka mingi ilikuwa stoo ya silaha: kupokea bunduki, kuzipangusa, kupanga risasi, kufunga mlango na kusimama nje yake. Jina la kubatizwa alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Koplo, na alipokufa nadhani hakuna aliyebaki wa kumwita kitu kingine.

Boma lake lilikuwa la mwisho kabla ya msitu. Ukipita shamba lake la mahindi unakutana na miti mikubwa na giza lake, na humo ndimo wanamotoka nyani. Nyani wa huku wana dharau. Wanamwona mwanamke shambani hawakimbii. Wanakaa, wanamenya mahindi yake mbele yake. Kwa sababu hiyo Koplo alikuwa na bunduki yake mwenyewe, yenye leseni, ile ya mitutu miwili inayorusha marisawa, vile vigololi vidogo vya risasi. Majirani tulikuwa tunafurahi akiwa nayo na tunamsengenya kwa kuwa nayo, yote mawili kwa mdomo mmoja.

Sanduku la kuwekea risasi nililitengeneza mimi. Nilipomshauri aende kwa wachomeleaji, wamuundie la chuma kizito lenye kufuli nene, alinicheka, na Koplo hakuwa mtu wa kucheka. Alinieleza kwamba watu wengi wanafikiri chuma ndicho salama. Nyumba ikishika moto, risasi zilizofungiwa ndani ya chuma hazina pa kupumulia, na sanduku zima linageuka bomu. Mbao zinaachia. Zinaungua, risasi zinapasuka moja moja, vipande haviendi mbali, na wenye nyumba wanapata nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo alitaka mvule mkavu, bila vanishi ndani, na kifuniko kinachokaa vizuri bila kubana. Ule mvule ulikaa juu ya dari ya karakana msimu mzima kabla hajakubali niuguse. Kila akipita anapanda ngazi na goti lake bovu, anaweka kiganja, anashuka. "Bado."

Ndani ya sanduku aliweka mfuko wa kitambaa uliojaa makaa yaliyokaushwa upya jikoni, yanywe unyevu badala ya risasi kuunywa. Mvua za masika zikikaribia, makaa yanabadilishwa. Sanduku lilikaa juu ya matofali, mbali na ukuta, mbali na moshi wa jikoni, mbali na kibuyu cha mafuta ya taa. Bunduki aliipaka mafuta kama mtoto mchanga, lakini risasi hazikuguswa na mafuta hata tone, kwa maana mafuta hupenya hadi kwenye fataki, ile inayowasha baruti, na kuiua. Zilishikwa kwa kitambaa kikavu kwa sababu ya jasho la vidole. Mpya zilikaa chini, za zamani juu, ili za zamani zitumike kwanza. Yote haya alinieleza bila mimi kumuuliza, huku nikiwa na kazi ya watu ya kumaliza.

Sasa, sanduku hilo halikukaa nyumbani kwake. Bunduki ndiyo iliyokaa chumbani kwake, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Risasi zilikaa ng'ambo ya uwanja, katika chumba cha kulala cha mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, ambaye sote tulimwita Mama Edina.

Na kwetu mzee haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nyumba ivuje, haingii. Kuwe na mgonjwa, haingii. Anasimama uwanjani, anaita, anayeitwa anatoka. Akiwa na kitu cha kumpa mkamwana, hampi mkononi. Anakiweka chini, mwenziwe anakiokota. Kuna miiko mingine siku hizi watu wanaikanyaga na kucheka, lakini huo mtu akiuvunja, hadithi yake inasimuliwa mpaka siku anapozikwa, na hata hapo mlio wa ngoma za isikuti hauifuti.

Yaani Koplo alichukua risasi zake akaziweka mahali pekee katika boma lake mwenyewe ambapo mguu wake haukuweza kufika. Ufunguo alimpa Mama Edina, naye aliuvaa shingoni kwa kamba.

Mimi nilimwona mjinga, na nikamwambia. Mtu aliyekariri kanuni za polisi, anayeweza kukugombeza kwa kupitisha msumeno mbele ya mlango wa kanisa, leseni yake inasema risasi ziwe chini ya ulinzi wake mwenyewe, halafu anampa mwanamke wa nyumba nyingine. Hakukasirika. Alikaa juu ya gogo langu, akavua kiatu cha kulia. Vidole viwili havikuwepo.

Kijiji kizima kilijua kwamba vidole vile vilipotea kazini, katika kupambana na majambazi. Kumbe. Alinieleza kwamba aliwahi kuja nyumbani likizo akakuta ndugu yake amesogeza mpaka wa shamba. Walirushiana maneno. Yeye aliingia ndani, akatoka na bunduki ya marehemu baba yao, akamwelekezea ndugu yake kifuani, akavuta. Haikulia. Risasi ilikuwa imekaa kwenye kona yenye unyevu miaka mingi. Akaishusha, na ilipokuwa inatazama chini, ikalia. Ikamchukua vidole.

"Nilivuta, Fundi," alisema. "Watu husema hasira ilinipanda, sijui shetani aliniingia. Hapana. Nilivuta nikijua. Ule mkono ni huu huu."

Nilimwambia basi ashukuru Mungu kwa unyevu, uliomwokoa ndugu yake. Alitikisa kichwa. Risasi mbovu, alisema, haimtii mtu. Inaweza kukataa inapotakiwa na kukubali wakati mtoto anaichezea. Nzima unajua itafanya nini, kwa hiyo unajua pa kuiweka. Sheria ya serikali, alisema, mtu akikasirika anaisahau. Yeye mwenyewe alikuwa ameisahau akiwa amevaa sare. Lakini katika hasira zake zote hajawahi kusahau kwamba ile ni nyumba ya mwanawe.

Mpango huo ulikuwa na adabu zake. Nyani wakiingia shambani, Koplo alivuka uwanja na bunduki imekunjwa katikati, iko begani, tupu, mpaka kwenye jiwe la kizingiti. Hapo anasimama. Anaita. Mama Edina anatoka akifuta mikono kwenye leso, na kila mara anauliza swali moja: "Nyani ni wangapi leo, Baba?" Naye anajibu, wawili, watatu, na anapewa risasi kwa kadiri hiyo, zimefungwa kwenye kitambaa, zimewekwa juu ya jiwe. Asiyoitumia anairudisha pale pale. Mwanzoni wapita njia walikuwa wakicheka, mzee mzima na bunduki anaulizwa maswali na msichana wa Butere aliyeolewa juzi. Yeye alijibu kila mara kwa sauti ile ile, kama anayeripoti kwa mkubwa wake.

Siku aliyopiga nyani hakula jioni. Nyama ya kuku aliipenda sana, lakini akija mgeni wa kuchinjiwa ingokho, Koplo anatafuta sababu ya kwenda dukani hadi kazi iishe. Na hasira yake ilikuwa ya kweli. Siku moja alinitupia jiliwa langu la kubania mbao barabarani kwa sababu ya mbao mbichi niliyokuwa namuuzia mtu mwingine, si yeye hata. Kesho yake alikuja na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akaondoka. Zile ndizi nilikula zote, lakini nilikuwa nimenuna.

Miaka ile ya fujo za kikabila kule mpakani, vijana walimjia wakitaka bunduki. Nyumba zilikuwa zinaungua upande wa pili wa msitu, na watu walikuwa wanapita hapa na magodoro vichwani. Koplo aliwaambia bunduki ni fimbo tu, risasi hana, wakamuulize mwenye nazo. Wakavuka uwanja. Mama Edina alitoka, akawasikiliza wote mpaka wakamaliza, kisha akauliza nyani ni wangapi. Wakamtukana, wakaondoka. Tangu hapo kuna watu waliokataa kumsalimia Koplo hata kanisani, ambako aliimba besi peke yake upande mmoja wa benchi.

Halafu mwanawe mkubwa akaugua. Ni ule ugonjwa ambao miaka hiyo hatukuutaja. Tulisema kifua, tulisema malaria, tulisema amerogwa kazini. Alikuja nyumbani kutoka mjini amekonda, akalala katika chumba kile kile chenye sanduku. Koplo alisimama kwenye jiwe kila asubuhi na kila jioni, akiongea na mwanawe kupitia dirishani. Watu wawili wanaongea, hawaonani. Alipokufa, Koplo alimwona akiwa amekwisha kutolewa nje.

Matanga yalipoisha, mwanawe wa pili akasimama. Anaitwa Javan. Alikuwa kijana mwenye nguvu na mwenye kelele, aliyekuwa akikata miwa kule Ekero na kurudi akiwa na kiu. Alisema mila ni mila: mke wa kakaye ni wake, nyumba ni yake, na vyote vilivyomo.

Hapo ndipo Koplo alipoiona kasoro ya kufuli lake. Miaka yote alifikiria mwiko unaomzuia baba mtu. Hakuwahi kufikiria kwamba mila hiyo hiyo inamfungulia mlango ndugu wa marehemu. Mtu wa kwetu pekee ndiye angefanya kosa hilo, na ni mtu wa kwetu pekee ambaye asingeliona, kwa maana mlango ule alikuwa akiutazama kutoka upande wake tu.

Mama Edina alimkataa Javan. Hakumkataa kwa matusi. Alimwambia mbele ya wazee kwamba anajua kilichomuua mumewe, na kwamba kiko ndani yake mwenyewe, na hatamuua mtu mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumsikia mtu akiyasema hayo hadharani. Wazee walitazama viatu vyao. Javan alielewa jambo moja tu, kwamba amekataliwa, na tangu hapo ikawa ni vituko. Leo kuku wake amepotea, kesho mlango umepigwa teke. Mtoto, Edina, akapelekwa Butere kwa bibi yake.

Mama Edina akaomba sanduku litolewe. Hilo nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa nje napiga randa mwimo mpya wa mlango wake. Alimwambia Koplo kwamba anaogopa, kwamba Javan akiingia siku moja na kulivunja haijulikani itakuwaje.

"Likija kwangu, Mama Edina, nitamuua," alisema. "Afadhali liwe kwako."

Alisema kama mtu anayeeleza mbao gani inafaa kwa kazi gani. Mama Edina hakumbishia. Aliurudisha ufunguo ndani ya gauni, akaenda kuinjika obusuma, ugali wa jioni.

Siku ya mabati nilikuwa pale. Javan alikuwa ameng'oa komeo la mlango wa Mama Edina tena, nami nimeitwa kulirudisha. Ilikuwa mchana, mawingu yamekaa vibaya upande wa msitu. Mama Edina alikuwa ndani; siku hizo alikuwa akilala zaidi kuliko kusimama. Javan akaja na ngazi na shoka, hakunisalimia, akapanda paa la nyumba, akaanza kung'oa mabati. Alikuwa akisema kwa sauti kwamba mabati yalinunuliwa na kakaye, na mali ya kakaye ni ya ukoo. Nilimwambia ashuke, kuna mgonjwa ndani. Akanitajia mama yangu.

Bati la kwanza likaanguka uwanjani. Koplo akatoka nyumbani kwake.

Alikuwa na bunduki, imekunjwa katikati, iko begani, tupu. Hakukimbia. Alivuka uwanja kwa mwendo wake wa kuchechemea, mpaka kwenye jiwe, akasimama pale anaposimama siku zote. Hakumtazama Javan hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa na nyundo mkononi.

"Mama Edina," aliita. "Niletee."

Alichukua muda. Nilimsikia akijikokota, akishika ukuta. Alitokea mlangoni amejifunga leso mbili na bado anatetemeka, kamba ya ufunguo inaonekana shingoni, maana shingo ilikuwa imebaki mfupa.

"Nyani ni wangapi leo, Baba?"

"Mmoja."

Akainua macho, akamtazama Javan pale juu. Javan alikuwa ameacha kung'oa. Kisha akamrudia Koplo.

"Huyo si nyani, Baba. Ni mtoto wako."

Akarudi ndani, akausukuma mlango. Mlango haukuwa na komeo; komeo nilikuwa nalo mimi mfukoni. Ulikuwa umeegeshwa tu, kuku angeweza kuupitia. Ndani kulikuwa na mwanamke ambaye hangeweza kumzuia mtu yeyote. Sanduku lilikuwa hatua chache kutoka pale, na mkono wa Koplo ulikuwa ule ule aliovutia bunduki kwa ndugu yake. Aliutazama mlango. Niliona mguu wake wa kulia ukipanda juu ya jiwe.

Mvua ikaanza. Ikampiga yeye, ikanipiga mimi, ikaingia ndani kwa Mama Edina kupitia pale palipong'olewa bati. Koplo alisimama na mguu mmoja juu ya jiwe mpaka kofia yake ikaanza kutiririka. Halafu akaushusha. Akageuka akarudi kwake, na bunduki yake tupu begani.

Javan alishuka akikosea vidato vya ngazi. Jioni ile alirudi Ekero, na mabati niliyarudisha mimi, nikipigilia misumari na machozi yananitoka kwa hasira, sijui hasira kwa nani. Kwa wote. Kwa mila, kwa ugonjwa, kwa yule mzee aliyemfanya mwanamke mgonjwa kuwa mlinzi wa hasira zake.

Mama Edina aliishi mpaka mahindi yakavunwa. Wanawake waliomwosha walikuta ufunguo, wakampelekea Koplo na kuuweka chini mbele yake, nao kwa mazoea.

Alikuja karakana asubuhi hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakugusa mbao. Alisema anataka jeneza, na akanitajia paini mbichi, ile ya kujengea mabanda. Nikamwangalia. Nilikuwa na mvule mzuri juu ya dari, mkavu, na nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba huo ni wa Mama Edina. Nikamwambia ana roho mbaya. Nikamwambia mengi. Alinisubiri nimalize.

"Kufuli limekufa, Fundi," alisema. "Javan yuko njiani anakuja matangani. Hizo risasi zikilala kwangu usiku mmoja, tutazika wawili."

Nikamuuliza kwa nini asizipeleke kituoni. Akasema njia ya kituoni ndiyo hiyo hiyo anayojia Javan, na yeye hajiamini kwa mwendo huo akiwa amezishika. Mtoni watoto wataziokota. Alikuwa amefikiria. Alikuwa amefikiria usiku kucha, na alichokipata ni kile kile alichokifikiria zamani: mahali ambapo mguu wake haufiki. Nyumba ya Mama Edina hakuweza kuingia, na hii mpya pia hangeweza. Ila safari hii hakutaka zikae kavu. Alitaka mbao inayokunywa maji.

Nilikwenda kuchukua vipimo vya marehemu, na katika kuchukua vipimo nikafungua sanduku kwa ufunguo alionipa Koplo. Risasi zilikuwa zinang'aa. Vitako vya shaba safi, hakuna hata doa la kijani. Makaa yalikuwa mapya. Mwanamke asiyeweza kubeba ndoo ya maji alikuwa amebadilisha makaa. Za zamani juu, mpya chini. Nilikaa kwenye kile kitanda nikalia.

Jeneza nililitengeneza na sakafu mbili. Katikati nikazipanga risasi, nikazifunika kwa maranda mabichi zisitoe sauti. Waliobeba walinung'unika kwamba mgonjwa alikonda hivi lakini jeneza ni zito. Niliwaambia mbao mbichi. Jamaa zake wa Butere walilishika lile jeneza, wakaona utomvu unawabaki vidoleni, na mjomba wake mmoja akasema mbele ya watu kwamba binti yao aliuguza, akafiwa, akateswa, na mwisho amezikwa kwa mbao za banda la kuku. Koplo alisimama pale, kofia mkononi. Watu walimtazama kwa dharau na mimi nilitazama chini. Javan alikuwepo, ng'ambo ya kaburi, amelewa na analia kwa sauti kuliko mtu yeyote.

Baada ya mwezi Koplo alirudisha bunduki kituoni kwa mkono wake. Walipomuuliza risasi ziko wapi, alisema zimeingia unyevu, amezizika. Kijana wa zamu alicheka akaandika hivyo hivyo.

Kisha mimi nikahamia mjini, karibu na soko, na ikawa namwona kwa nadra. Nilisikia anasahau vitu. Nilisikia Javan ameacha pombe, ameoa mjane mwenye watoto wake, anaishi bomani kwa Koplo, na kwamba ndiye anayemwosha mzee na kumlisha.

Mara ya mwisho nilimkuta ameketi kando ya kaburi la Mama Edina, juu ya lile sanduku la mvule. Amelifanya stuli. Lilikuwa halina ufa. Nililipapasa, na nilijivuna kidogo, Mungu anisamehe. Udongo wa kaburi ulikuwa umetitia katikati, kama unavyotitia jeneza la paini likioza. Koplo alinitambua baada ya kugusa mikono yangu.

"Zimeoza, Fundi?"

Nikamwambia kwa mvua ya huku, na mbao ile, zimeoza zamani.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Koplo."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaniambia, kwa sauti ya chini ili isifike nyumbani, kwamba majina ya watu yanamtoka, na nyimbo za kanisani zimemtoka, lakini akimwona yule kijana anapita uwanjani na shoka mkono wake bado unajua pa kwenda. Akauinua kidogo niuone. Ulikuwa na madoa ya uzee. Nikaushika.

Javan akaja na kikombe cha uji. Alikuwa ameanza kuota mvi. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza habari za mjini, akasema mzee anapenda kukaa hapa, ukimtoa anarudi, na hawajui kwa nini. Msituni nyani wakaanza kubweka, karibu, upande wa mahindi. Javan akacheka akasema ndiyo hao, wanajua bunduki haipo. Akaweka kikombe chini, akaingiza mikono chini ya makwapa ya baba yake, akamwinua polepole kama anayeinua mgonjwa.

Koplo alimtazama usoni, karibu hivyo, muda mrefu. Halafu akageukia kaburi, akanyoosha mgongo kadiri alivyoweza, na kwa sauti ile ile ya zamani akajibu:

"Leo hakuna, Mama Edina."